Muziki Unapobanwa, Kinachotupwa Hakirudi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa hapa, kama ilivyo kawaida ya safu hii, kwa faida ya wasomaji wetu.)

Ndugu msikilizaji, majuzi baada ya magharibi bibi mmoja jirani yangu alinigongea mlango, akiwa ameshika simu ya mjukuu wake. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Hebu nisafishie sauti ya mzee."

Mzee anayemtaja ni marehemu mumewe. Jioni moja ya mwaka 1984, nyumbani kwao Tanga, mzee huyo alipiga udi na kuimba pamoja na wenzake wawili, mmoja akiwa na dumbaki na mwingine na rika. Mtu fulani akaweka radio-kaseti mezani na kubonyeza kitufe chekundu. Kanda ile ilikaa kabatini miaka mingi, ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka jana mjukuu aliipeleka kwenye duka moja la kuingiza nyimbo kwenye simu, ili waigeuze iwe ya kisasa. Wakaigeuza. Kanda yenyewe wakaitupa, kwa maelezo kwamba imechakaa na kazi yake imekwisha.

Nikasikiliza. Sauti ya mzee ilikuwapo na maneno yake yalisikika. Lakini rika ilikuwa imegeuka kama mtu anayekaanga dagaa chumba cha pili. Kila uzi wa udi ulipoguswa, ulitanguliwa na mchakarisho mdogo, mithili ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Na nyuma ya yote kulikuwa na kitu kama maji yanayozungushwa mtungini.

"Kanda ilikuwa na mvumo tu," alisema bibi, "kama mvua ya mbali. Haya maji yametoka wapi?"

Ndugu msikilizaji, swali la bibi ndilo mazungumzo yangu ya leo. Maji yametoka wapi, na kwa nini sikuweza kuyatoa?

Tuanze na sauti yenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Santuri huuhifadhi mtikisiko huo kwa kuuchora kwenye mfereji mwembamba, na kanda huuhifadhi kwa sumaku. Kompyuta haichori wala haitumii sumaku kwa namna hiyo. Yenyewe hupima na kuandika namba. CD za muziki, ambazo ni kazi ya kampuni za Philips na Sony, zilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982. Katika CD, mtikisiko hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Idadi hiyo haikuokotwa njiani. Sikio zima la kijana husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kuunasa mtikisiko ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake.

Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, ambazo wataalamu huziita biti. Na kwa kuwa tuna masikio mawili, hupimwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha vyote utapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya muziki. Wimbo wa dakika 5 unakula kiasi cha megabaiti 53.

Leo hicho si kitu. Lakini miaka ya 1980 huo ulikuwa mzigo wa kutisha. Katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, Ujerumani, profesa Dieter Seitzer alikuwa na ndoto ya kumpelekea mtu muziki nyumbani kwa waya wa simu. Alipoomba hataza ya wazo lake, mkaguzi alimkatalia kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Seitzer hakukata tamaa, akamkabidhi kazi mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg. Brandenburg alimaliza tasnifu yake ya udaktari mwaka 1989. Yeye pamoja na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer katika mji huohuo, na wataalamu wengine wa nchi mbalimbali, walifikia njia iliyokubaliwa mwaka 1992 kuwa sehemu ya kanuni za kimataifa za sauti na picha. Tarehe 14 Julai 1995 wakachagua herufi tatu za kuweka mwishoni mwa majina ya mafaili yake. Herufi hizo ni mp3.

Sasa, kuna njia mbili za kupunguza mzigo, na watu wengi huzichanganya. Chukua mfano wa kanga. Unaweza kuikunja vizuri mpaka ikaenea ndani ya pochi. Ukifika safari yako unaikunjua na kila kitu kipo: mji, pindo na jina. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Katika muziki hufanywa na aina za mafaili kama FLAC, iliyotoka mwaka 2001. Faili hupungua, aghalabu likafika kama nusu au theluthi mbili ya uzito wake wa awali, na likifunguliwa namba zote hurudi zilivyokuwa bila kukosekana hata moja.

Njia ya pili ni kuchukua mkasi. Unakata pindo, unabakiza mji na jina, kwa hoja kwamba mpita njia anatazama mji na kusoma jina, hana habari na pindo. MP3 ni ya njia hii ya pili. AAC, inayotumika sana kwenye simu na maduka ya muziki ya intaneti, ni ya njia hii. Opus, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo hubeba sauti unazorekodi na kuwatumia wenzako kwa WhatsApp, nayo ni ya njia hii. Zinatofautiana kwa ustadi wa mkasi, lakini zote zinakata.

Utauliza, wanajuaje pa kukata? Hapo ndipo penye elimu ya kuvutia, na elimu hiyo inahusu sikio kuliko kompyuta.

Simama kando ya barabara ya Msimbazi, Kariakoo, uzungumze na rafiki yako kwa sauti ya chini. Lori likipita, midomo yake unaiona ikicheza lakini husikii neno. Sauti yake haikutoweka hewani. Imemezwa ndani ya sikio lako. Katika sikio la ndani kuna kiungo kilichojipinda kama konokono, kimejaa majimaji na vinyweleo vidogo sana. Kila sehemu ya kiungo hicho ina sauti zake, nyembamba upande huu na nene upande ule. Sauti kubwa ikitikisa sehemu fulani, sauti ndogo za jirani hazipati nafasi. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Eberhard Zwicker, aliyagawa masafa tunayoyasikia katika makundi 24, na kuonyesha kwamba sauti humeza zaidi zile zilizo katika kundi lake na majirani zake. Tena humeza zaidi zilizo juu yake kuliko zilizo chini yake.

Kumezwa kupo pia kwa wakati. Mlango ukibamizwa, kwa muda mfupi sana baada ya kishindo, kama sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, sikio linakuwa bado limeduwaa, halishiki sauti ndogo. Ajabu ni kwamba hata sauti ndogo iliyotangulia kishindo inaweza kumezwa, lakini kwa muda mfupi zaidi, sehemu chache tu za elfu za sekunde. Tafadhali kiweke akilini kidokezo hicho cha mwisho. Tutakihitaji tutakapourudia udi wa mzee.

Basi mashine ya kubana muziki hufanya hivi. Huukata wimbo katika vipande vidogo vya muda, kila kimoja kikiwa kama sehemu moja hadi tatu za mia za sekunde. Kila kipande hukipanga katika mistari mingi ya masafa, kuanzia besi hadi matoazi. Kisha hujiuliza: katika kipande hiki, sikio litasikia nini, na nini kitamezwa?

Wengi wanadhani kwamba inachofanya baada ya hapo ni kufuta tu sauti zilizomezwa. Si hivyo hasa. Fikiria fundi cherehani. Kola na mkono wa shati, mahali ambapo jicho la mteja litafika, anavipima kwa futi yake ya utepe. Bitana ya ndani anaipima kwa shibiri. Mashine nayo hupima kwa utepe pale ambapo sikio litasikia, na kwa shibiri pale inapodhani halitasikia. Kupima kwa shibiri kunahitaji tarakimu chache, na hapo ndipo mzigo unapopungua. Lakini kipimo cha shibiri kina makosa, na makosa hayo katika sauti ni kelele. Kwa hiyo, msikilizaji wangu, kila wimbo uliobanwa kwa njia hii umetiwa kelele kwa makusudi. Ufundi wote ni kuificha kelele hiyo chini ya sauti kubwa zaidi, ili sikio liimeze bila kujua.

Tena mashine ina bajeti. Wewe unayebana ndiye unayeipangia: tumia biti 320,000 kwa sekunde, au 128,000, au 64,000. Katika lugha ya maduka ya muziki huitwa "320", "128" na "64". Kwa bajeti ya 128, wimbo wetu wa dakika 5 unashuka kutoka megabaiti 53 hadi chini kidogo ya 5. Ndiyo sababu CD moja iliyouzwa barabarani iliweza kubeba nyimbo 150, wakati CD ya kawaida ya muziki ilibeba kama 15.

Bajeti ikiwa nono, kelele hufichwa yote. Bajeti ikiwa finyu, shibiri hutumika hata kwenye kola. Kelele hutokeza, na kila aina ya sauti huumia kwa namna yake.

Ya kwanza kuumia ni sauti nyembamba za juu: matoazi, manyanga, kayamba, rika, makofi ya wasikilizaji. Hizi ni sauti zilizochanganyika, hazina mpangilio ambao mashine inaweza kuufupisha. Katika bajeti ya 128, mashine nyingi hukata moja kwa moja masafa yote ya juu kuanzia 16,000 au karibu na hapo. Katika 64 hukata chini zaidi. Yanayobaki huwaka na kuzimika kutoka kipande hadi kipande, na huo ndio mkaango wa dagaa.

Ya pili ni sauti za ghafla. Uzi wa udi unapodonolewa, au fimbo inapogonga ukingo wa ngoma, sauti huzuka kutoka kimya. Lakini kosa la kipimo haliketi mahali pa mdono peke yake. Husambaa katika kipande chote cha muda, hata ile sehemu iliyotangulia mdono. Kumbuka tulisema kwamba kishindo humeza sauti iliyokitangulia kwa muda mfupi mno. Kipande kikiwa kirefu kuliko muda huo, kelele inasikika kabla ya sauti iliyoizaa. Huo ndio mvuto wa pumzi niliousikia kabla ya kila mdono wa udi. Watengenezaji walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Walilijaribu kwa kastaneti, vile vibao vya Wahispania vinavyogonganishwa kwa vidole, na wakaiwezesha mashine kutumia vipande vifupi zaidi pale inapohisi kishindo. Lakini dawa hiyo inahitaji bajeti.

Ya tatu ni ile hali ya mahali. Mwangwi wa ukumbi, pumzi ya mwimbaji, umbali kati ya fidla ya kushoto na ganuni ya kulia: hivi ni vitu vidogo, na mashine yenye bajeti finyu huvihesabu kuwa pindo la kanga. Muziki husogea karibu na kuwa bapa. Mtu husema tu "hauna uhai", na hajui kwa nini.

Usidhani sauti ya binadamu imesalimika. Brandenburg mwenyewe amesimulia kwamba alipodhani kazi imekaribia mwisho, aliujaribu wimbo uitwao Tom's Diner wa mwimbaji wa Marekani, Suzanne Vega, uliotoka katika albamu ya mwaka 1987. Ni sauti ya mwanamke mmoja anayeimba bila ala yoyote. Mashine iliyokuwa imefaulu katika muziki mwingi iliivuruga sauti ile vibaya, ikatoka na mikwaruzo. Sababu ni kwamba hapakuwa na ngoma wala gita la kuifichia kelele. Brandenburg aliusikiliza wimbo huo mamia ya mara huku akirekebisha hesabu zake. Kwa hiyo mashine hii ilifunzwa na masikio ya watu, kwa nyimbo walizokuwa nazo mezani. Wimbo mtulivu wenye ala chache, kama ule wa mzee wa Tanga, ni miongoni mwa mitihani yake migumu, ingawa mtu wa duka angedhani ndio mwepesi.

Mfano wa mwisho wa mkasi mkali unao mfukoni mwako. Umempigia mtu simu, na badala ya mlio wa kawaida unasikia wimbo alioununua kuwa mwito wake. Mbona wimbo unaoupenda unageuka kama unapigwa ndani ya debe? Simu za kawaida hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na katika mfumo wa awali wa GSM zilitumia bajeti ya biti 13,000. Isitoshe, mbinu yake imejengwa juu ya koo na mdomo wa mtu: inadhani kila sauti ni ya mtu mmoja anayezungumza. Ukiipelekea bendi nzima, inajaribu kuifanya bendi iwe mtu mmoja.

Baada ya kusema hayo yote, haki itendeke. Mimi si katika wale wanaodai kwamba MP3 imeua muziki. MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa bajeti ya 256 au 320, kutoka kwenye chanzo kizuri, watu wengi hawawezi kuitofautisha na CD wakifichwa ipi ni ipi. Duka la iTunes lilipoanza mwaka 2003 liliuza nyimbo za AAC za bajeti ya 128, na mwaka 2007 likaanza kuuza za 256. Hapo malalamiko mengi yalipoteza nguvu. Tena umri nao unakata: sisi tuliovuka hamsini masafa ya 16,000 tumekwisha kuyaaga, MP3 au si MP3. Na ndani ya daladala, kati ya injini na konda, pindo la kanga halionekani kwa vyovyote. Kubana kumewafikisha wanamuziki wetu mahali ambapo kaseti isingefika.

Hatari ninayoiona iko katika mambo mawili: kubana juu ya kubana, na kutupa asili.

Unakumbuka fotokopi ya fotokopi ya cheti? Ya kwanza inasomeka. Ya tano, mhuri umekuwa doa. Ndivyo ilivyo hapa. Wimbo ulibanwa mara moja na mtengenezaji. Mtu akauweka kwenye video na kuituma kwa WhatsApp, ukabanwa tena. Mwingine akautoa kwenye video hiyo akaufanya MP3, ukabanwa mara ya tatu. Harusini anaucheza kwenye spika isiyo na waya, na Bluetooth, kwa kawaida, hubana tena kabla ya kurusha. Kila mashine inadhani imepewa muziki safi, na kelele iliyofichwa na mwenzake inaihesabu kuwa sehemu ya wimbo. Spika kubwa za ukumbini zinaanika vyote vilivyofichika kwenye simu.

Hapo ndipo unapozuka ujanja mwingine. Mtu ana faili la 128, analigeuza kuwa 320 na kuliuza kama "sauti safi". Faili limenenepa, wimbo ni uleule. Ni kutia maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, nyama haijaongezeka.

Sasa nirudi kwa bibi. Maji ya mtungini yametoka wapi? Yametoka kwenye ule mvumo wa kanda, ile mvua ya mbali. Mvumo wa kanda ni sauti isiyo na mpangilio wowote, na kwa mashine ya kubana hakuna kitu kigumu zaidi ya hicho. Duka lilipangia bajeti ya 64. Mashine ikahangaika na mvumo, ikabakiza chembe huku na kuacha kule, kipande hadi kipande, na chembe zile zinazotokea na kutoweka ndizo sikio linazozisikia kama maji. Kuhangaika huko kulikula biti ambazo zingepelekwa kwenye udi na sauti ya mzee.

Laiti ningeipata kanda yenyewe, mvumo wake ungepunguzwa bila taabu kubwa, kwa sababu mvumo wa kanda hautulii wala haukui. Ni uleule mwanzo hadi mwisho. Programu husikiliza pale ambapo hakuna mtu anayeimba, huujua mvumo, kisha huupunguza kote. Maji hayashikiki, maana kila chembe ni tofauti na mwenzake. Zipo siku hizi programu zinazoweza kubuni kilichopotea. Lakini kubuni ni sawa na kumpa mchoraji picha iliyopasuka achore nusu ya uso. Atachora uso mzuri. Hautakuwa uso wa mzee.

Na kinachoniumiza ni hesabu. Kanda ile ilikuwa ya dakika 40. Duka liliifanya faili la megabaiti 19. Ingehifadhiwa kwa ubora kamili wa CD, bila kubanwa hata kidogo, ingekuwa megabaiti 423. Flashi ndogo ya gigabaiti 8 inabeba mafaili kama hayo 18. Nafasi haikuwa tatizo. Kilichokosekana ni mtu wa kujua tofauti ya kukunja na kukata.

Ndugu msikilizaji, nimesimulia habari ya nyumba moja, lakini nchi nzima ina kabati kama la bibi. Bendi zetu nyingi za dansi na vikundi vya taarabu vilirekodiwa katika studio za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye kanda kubwa za kuzungusha. Kwa baadhi ya nyimbo hizo, kanda ndiyo asili pekee. Wapo pia watu binafsi wenye kanda za harusi, za mawaidha, za hadithi za bibi na babu. Kanda zinazeeka, na ni kweli kwamba inabidi zihamishwe. Lakini zihamishwe kwa njia gani?

Chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, kijulikanacho kwa kifupi kama IASA, kinashauri kwamba sauti ya kuhifadhiwa ipimwe angalau mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, na isibanwe kwa njia yoyote ya kukata. MP3 itengenezwe kama nakala ya kusikiliza tu. Ushauri huo una maana kubwa, kwa sababu asili hubeba zaidi ya tunavyoweza kukitoa leo. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Mwenye santuri nzima ya zama hizo, akiipiga kwa sindano inayofaa na vyombo vya leo, anaweza kutoa mfereji uleule sauti ambayo gramafoni ya zamani haikuweza kuitoa. Faili la 64 halina mfereji wa kurudia.

Kwa hiyo, ukipeleka kanda yako dukani, mwambie fundi maneno haya: "Nipe WAV au FLAC kwanza, kisha unitolee MP3 ya kusikiliza." Ukitumiana na ndugu yako wimbo wa thamani kwa WhatsApp, utume kama waraka, usiutume ndani ya video, maana video hubanwa upya. Usigeuze faili lililokwisha kubanwa kuwa jingine bila sababu. Rudi kwenye asili na ubane mara moja. Weka nakala mahali pawili, kwa sababu flashi nazo hufa bila kuaga. Na kanda usiitupe, hata ukiambiwa kazi yake imekwisha.

Usiku ule nilimweleza bibi ukweli, kwa sababu kumdanganya mjane si jambo la kheri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi aliyebaki ndiye huyu?"

Nikamjibu, "Ndiye huyu, mama. Tusimkate tena."

Nililichukua faili lile kama lilivyo, bila kuligeuza wala kulisafisha, nikaliweka kwenye flashi mbili. Moja nikampa yeye, nyingine nikampa mjukuu. Bibi akaifunga yake kwenye pindo la kanga, akaniaga, akaenda zake.

Ndugu msikilizaji, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.